Meko ya ukutani, Njombe: shajara ya kufufua dohani iliyolala

Jumamosi, 6 Aprili

Nianze na sababu, maana leo fundi ameniuliza mara mbili na mara zote nimemjibu nusunusu.

Julai mwaka jana, katika wiki ile ambayo majani ya viazi yaliungua yote kwa barafu ya alfajiri, mama aliingiza jiko la mkaa chumbani anakolala na mjukuu wake wa miaka saba. Akafunga mlango, akaziba uwazi wa chini kwa kanga kuukuu, kama tulivyofanya miaka yote tangu tukiwa wadogo. Saa nane usiku mtoto akaamka anatapika na kulia kichwa. Mama akadhani ni maharage ya jioni. Alipoinuka amtoe nje, miguu ikamkataa, akaangukia mlango. Komeo lilikuwa bovu, mlango ukafunguka kwa uzito wake, hewa ya ukumbini ikaingia. Ndivyo walivyopona wote wawili. Lile komeo sijalirekebisha mpaka leo na sina mpango.

Kinachoniuma ni hiki: sebuleni kwetu kuna meko ya ukutani. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, ya miaka ya 1950, na aliyeijenga alijua baridi ya huku. Baba alipoinunua, dohani ilikuwa inarudisha moshi ndani, akapiga ubao mbele ya meko na pakawa kabati la viatu. Basi kwa miaka thelathini sehemu iliyojengwa kutoa moshi nje tumeweka viatu, na moto tumeubeba mkononi kuupeleka kitandani.

Leo tumetoa ubao. Viatu jozi 14, vitatu havina wenzao. Fundi akachungulia juu kwa tochi ya simu akasema, "Hii chimni imelala, haijafa."

Ninafanya kazi Makambako, kwa hiyo mradi huu utakwenda Jumamosi kwa Jumamosi.

Jumamosi, 13 Aprili

Nyuki. Hatukufika hata kwenye masizi.

Fundi alipanda, akaweka sikio kwenye mdomo wa dohani, akashuka taratibu kuliko alivyopanda. Kundi zima limejenga humo, masega yameziba njia kuanzia kama mita moja chini ya mdomo. Kijana mmoja jirani akashauri tuwashe moto wa majani mabichi wakimbie. Tukakataa. Nta inayeyuka na kuwaka, na moshi usio na pa kutokea ungerudi wote sebuleni.

Tumemtafuta mtu wa mizinga. Amesema anakuja usiku katikati ya wiki.

Jumamosi, 20 Aprili

Nyuki wamehama, asali imepatikana kama lita tano, nyeusi na chungu kidogo kwa masizi. Mama anasema ni dawa ya kifua. Mimi nimeonja nikamwachia.

Kazi yenyewe ya kusafisha: fundi wa kuchomelea alitutengenezea brashi ya waya ngumu yenye upana wa sentimita 25, sawasawa na tundu la ndani. Kamba ya katani juu, kamba chini. Mmoja paani, mmoja mekoni, tunavutana kama watu wanaopasua mbao kwa msumeno wa shimo. Mbele ya meko tulitundika turubai lililolowa. Hata hivyo nimetema weusi siku nzima. Gunia mbili na nusu.

Masizi yalikuwa ya aina mbili. Ya juujuu yalikuwa unga, yanaanguka kwa kuguswa. Ya chini, karibu na koo la dohani, yalikuwa magumu, yanang'aa kama lami iliyokauka. Brashi inateleza tu juu yake. Hiyo inaitwa kreosoti. Moshi wa kuni mbichi ukipanda na kukutana na ukuta wa baridi huganda hapo, tabaka juu ya tabaka. Nilibandua kipande kama ukucha wa kidole gumba nikakishikia kiberiti. Kikachuruzika, kikatoa povu, kikashika moto na kuendelea kuwaka chenyewe baada ya kuondoa njiti. Sasa fikiria ukuta mzima wa kitu hicho, ndani ya bomba linalovuta hewa kutoka chini. Moto wa dohani huunguruma kama lori linalopanda mlima, na watu wengi huwa wanausikia kwa mara ya kwanza siku nyumba inapoungua.

Tulikibandua kwa tindo na subira. Imechukua saa sita.

Jumamosi, 27 Aprili

Ya leo yaandikwe vizuri.

Nilipanda darini kuangalia dohani inavyopita kati ya mbao. Nilikuwa natafuta nyufa tu. Nikakuta ubao mmoja wa kenchi umeingizwa ndani ya ukuta wa dohani, kichwa chake kimejengewa kabisa kwenye matofali kana kwamba dohani ni nguzo. Fundi akachokonoa tofali moja kuuzunguka. Ubao ulikuwa mweusi. Sehemu iliyokuwa ndani, kama kiganja hivi, imegeuka mkaa. Ukiiminya inavunjika na kuacha alama kwenye vidole. Mahali inapokutana na ubao mzima pana rangi ya kahawia, kama mkate uliokaribia kuungua.

Ubao ule haukuwahi kuguswa na mwali. Uliokwa tu, miaka na miaka, na ubao uliookwa hivyo hushika moto kwa joto dogo kuliko ubao mpya. Kama baba asingekereka na moshi akaziba meko yake, sijui tungekuwa tunakaa wapi. Nilishuka nikanywa chai kwanza.

Kanuni ni nyepesi: kati ya tofali la dohani na mti wowote pabaki nafasi ya sentimita 5 tupu, isiyojazwa kitu. Fundi alisogeza mzigo: akafunga ubao wa kukingama mbele ya dohani, akaushikiza kwenye kenchi mbili za pembeni, akakata ule ulioungua. Tundu likazibwa kwa tofali zima. Silingibodi nayo imerudishwa nyuma, na pale palipobaki wazi tumeweka kipande cha bati.

Ukiwa na nyumba ya zamani yenye meko na hutasoma kitu kingine humu, panda darini na tochi.

Jumamosi, 11 Mei

Wiki iliyopita mvua, hakuna kazi. Leo ugomvi wa saruji.

Ndani ya meko, udongo wa kati ya matofali umekwisha, unaingiza ncha ya kisu yote. Fundi alikuja na mfuko wa saruji begani. Mimi nikasema udongo. Akasema, "Mwalimu, saruji inashikilia madaraja, itashindwa na kuni zako?" (Mimi si mwalimu, ila huku ukivaa miwani umeshakuwa mwalimu.)

Tulifanya jaribio ambalo mama alilisimamia kama mtihani wa taifa. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimefinyanga vibonge viwili vya ukubwa wa andazi: kimoja saruji na mchanga, kingine udongo wa mfinyanzi kipimo kimoja na mchanga vipimo viwili na nusu. Vilipokauka, mama alivifukia kwenye makaa ya tanuru la matofali la jirani usiku mzima. Leo tumevileta mezani, tukavinyunyizia maji, tukaenda kula. Tuliporudi, cha saruji kilikuwa na nyufa za buibui, fundi akakibonyeza kwa kidole gumba kikawa unga. Cha udongo kilikuwa kigae.

Saruji hushikamana kwa maji iliyoyameza. Joto kali linayafukuza na kinachobaki hakina nguvu. Udongo wenyewe unachomwa na kuwa sehemu ya tofali. Fundi alinyamaza kidogo, akasema saruji itafaa juu, nje ya paa. Hapo yuko sahihi kabisa, na ndiko ilikokwenda.

Udongo tuliununua kwa mama mmoja anayeuza vyungu sokoni. Jambo la kuangalia: ukizidisha udongo na kupunguza mchanga, unasinyaa na kupasuka. Na kiungo kiwe chembamba, milimita 3 hadi 5. Matofali tuliyachagua kwa sikio: ukigonga mawili, lililoiva hulia kama kengele, lisiloiva hulia kama boga.

Ukuta wa nyuma ya meko ndio ukuta wa chumba cha mama. Nilikuwa nafurahia hilo, maana tofali likishapata joto hulitunza mpaka alfajiri. Lakini ufa mmoja tu hapo na moshi unaingia anakolala. Upande wa chumbani tumekwangua rangi yote, tukajaza viungo, tukapiga lipu upya.

Jumamosi, 25 Mei

Siku ya paani. Dohani ilikuwa inatokeza sentimita 40 tu juu ya bati, wakati mgongo wa paa, umbali wa mita 2 hivi, uko juu kuliko mdomo wake. Upepo ukivuka mgongo unajipindua na kushuka, unaingia dohanini kutoka juu. Ndiyo maana baba alishindwa.

Kipimo kinachotumika ni kwamba dohani ipite paa kwa sentimita 90 pale inapotokea, na iwe juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa sentimita 60. Tumeongeza kozi 11 za matofali. Juu tumeweka kofia ya bati yenye miguu minne na wavu kuzunguka, kwa ajili ya ndege, cheche, na nyuki wakikumbuka nyumbani.

Jumamosi, 1 Juni

Tumejaribu moshi, tumeshindwa. Madirisha yote yamefunguliwa, mama kakaa uani na khanga puani.

Kwanza nilisokota gazeti, nikaliwasha na kuliinua mpaka kooni mwa dohani kwa dakika moja hivi, ili hewa ya baridi iliyokaa humo ipate joto na kuanza kupanda. Hapo ilivuta vizuri. Tulipowasha majani yenye unyevu, moshi mwingi ukapanda, lakini ulimi mwembamba ukawa unatoka kwenye ukingo wa juu wa meko na kutambaa darini.

Hesabu ilikuwa hivi. Mdomo wa meko una upana wa sentimita 90 na kimo cha 95, yaani sentimita za mraba 8,550. Tundu la dohani ni 25 kwa 25, yaani 625. Mdomo ni karibu mara 14 ya tundu. Inatakiwa isizidi mara kumi au kumi na kidogo. Kubomoa dohani nzima hatuwezi, basi tupunguze mdomo.

Hapa fundi alinifundisha mimi. Alichukua kipande cha bati kipya, akavaa glavu, akakishika kimesimama kwenye ukingo wa juu wa meko, akaanza kukiteremsha polepole huku moto unawaka. Sentimita tano, ulimi wa moshi upo. Kumi, upo lakini umekonda. Kumi na tano, unatoka na kurudi, kama mtu asiyejua aingie au asiingie. Kwenye ishirini ukageuka, ukavutwa ndani wote, na sauti ya moto ikabadilika. Akachora mstari kwa mkaa. Kimo kimekuwa 75, mdomo 6,750, mara 10.8. Nilimwonyesha hesabu kwenye simu, akasema, "Hata bati limesema hivyo hivyo."

Fundi wa kuchomelea atatengeneza bamba la chuma la kudumu hapo, chanja ya nondo ya kuinua kuni kutoka sakafuni, na kiambaza cha wavu cha kusimamisha mbele.

Jumamosi, 8 Juni

Kuni. Njombe hatuna shida ya miti, shida ni uvivu wa kuikausha. Wauzaji wa barabarani wanakuuzia paina iliyokatwa juzi, bado inalia utomvu. Hiyo ndiyo mama wa kreosoti. Mkaratusi ni mzuri ukikauka, lakini unachukua muda. Chaguo letu ni muwati: mzito, unawaka kwa joto na kuacha makaa ya kukaa.

Nimepata muwati wa mwaka jana uliokuwa umepasuliwa na kukaa chini ya bati. Dalili za ukavu: nyufa zinazosambaa kama jua kwenye kichwa cha gogo, ganda linalobanduka lenyewe, na sauti kavu ukigonganisha vipande viwili. Nami nina kipimo changu cha dukani. Gogo moja bichi nimelitia alama ya rangi na kulipima kwenye mizani ya duka la nafaka: kilo 3.2. Nitalipima kila mwezi. Likiacha kupungua, wenzake nao wameiva. Muuza duka ameshaanza kuliita "mtoto wako".

Kuni zimepangwa juu ya magogo mawili ili zisiguse ardhi, mita kadhaa kutoka ukuta wa nyumba, juu zimefunikwa na pembeni wazi upepo upite.

Jumamosi, 15 Juni

Vimefika viwili kutoka Dar es Salaam: vitambuzi vya kaboni monoksidi.

Nimemweleza mama hivi. Moshi ni mgeni mwenye kelele, anakuwasha macho, anakukohoza, unamjua. Hewa hii haina harufu wala rangi. Inatoka pale kaboni inapoungua bila hewa ya kutosha, na mkaa uliotulia, mwekundu, usio na moshi, ule tunaosema "sasa umeiva, uingize ndani", ndio unaoitoa kwa wingi. Ikiingia kwenye damu inaishika hemoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, na damu inazunguka bila mzigo. Kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukataa. Akasema, "Kumbe siyo maharage."

Fundi alitaka tuviweke chini karibu na sakafu kwa imani kwamba hewa hiyo ni nzito. Si nzito, uzito wake unakaribiana na wa hewa ya kawaida na inachanganyika nayo. Kimoja kipo sebuleni, mita mbili na nusu kutoka mekoni. Cha pili kipo chumbani kwa mama, kimo cha mto wa kulalia. Havilii papo hapo kwa kiasi kidogo: kwenye sehemu 50 kwa milioni husubiri saa moja mpaka moja na nusu, kwenye 300 havisubiri hata dakika tatu kuisha. Vya moshi ni vitu vingine, tumenunua kimoja cha ukumbini.

Jumamosi, 22 Juni

Tangu Jumatatu shemeji amekuwa akiwasha moto mdogo wa nusu saa kila jioni ili udongo ukauke bila kupasuka. Leo ndio moto wenyewe.

Gazeti dohanini kwanza. Bamba la kufungia koo limefunguliwa, nimelihakiki kwa mkono. Dirisha moja limeachwa wazi upana wa vidole viwili, maana moto unaopeleka hewa nje lazima upate ya kuingia. Vijiti, kisha magogo matatu. Hakuna mafuta ya taa. Kopo lenyewe nimelihamishia stoo. Mbele ya meko sakafu ni ya saruji, lakini mkeka wa sebuleni ulikuwa unafika karibu kabisa. Sasa mwisho wake ni sentimita 60 kutoka mdomo wa meko. Ndoo ya mchanga iko pembeni. Maji hapana: ukimwagia matofali yenye moto yanapasuka na mvuke unakurudia usoni. Namba ya Zimamoto, 114, mjukuu ameiandika kwa chaki juu ya meko kwa mwandiko mkubwa wa darasa la pili.

Saa tatu usiku mama alisogeza kigoda, akachoma mahindi mawili, akasema meko haya yanapoteza moto mwingi. Ni kweli. Sehemu kubwa ya joto inakwenda mbinguni na dohani, na nisingemshauri mtu ajenge mapya leo badala ya jiko la chuma lenye mlango. Lakini haya tulikuwa nayo tayari. Nilipoweka kiganja kwenye ukuta wa chumbani kwake saa sita, ulikuwa na joto kama la mgongo wa ng'ombe. Kitambuzi: sifuri.

Koo la dohani halifungwi mpaka asubuhi, hata baridi iingie. Makaa yaliyobaki ni mkaa uleule wa mwaka jana.

Jumamosi, 29 Juni

Fupi. Shemeji alizoa majivu Jumanne asubuhi, yakiwa baridi juu, akayatia kwenye ndoo ya plastiki. Mchana ndoo ilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani na sakafu ya baraza ina doa. Makaa hukaa hai ndani ya majivu siku kadhaa. Tumenunua debe la bati lenye kifuniko, linakaa uani juu ya tofali. Majivu yakishakaa wiki, yanakwenda kwenye bustani ya mboga. Kwenye miche ya chai hapana, ile inataka udongo mchachu.

Jumamosi, 13 Julai

Kitambuzi kimelia. Si cha sebuleni.

Jana usiku barafu ilikuwa nje, moto wa mekoni ulishazimika tangu saa nne. Saa saba kasoro cha chumbani kwa mama kikaanza kupiga kelele, namba 118. Nilikimbilia mekoni nikiwa na hakika ukuta umepasuka. Meko yalikuwa meusi na baridi, koo wazi. Mama na mjukuu wakatoka wamejifunga blanketi, nikafungua kila dirisha, na hapo ndipo nikasikia harufu ya vitunguu. Ukumbini, nyuma ya mlango wa chumba, shemeji alikuwa ameweka jiko la mkaa na sufuria ya maharage ili yaive polepole mpaka asubuhi. Nje ni baridi, yangegoma kuiva, alisema. Kila nyumba ninayoijua huku imewahi kufanya hivyo, nasi tumefanya miaka yote.

Jiko likatolewa uani likiwa na sufuria yake. Baada ya robo saa namba zikarudi sifuri. Hakuna aliyeumwa kichwa.

Maharage yameivia nje, asubuhi kifuniko kina barafu pembeni na katikati mvuke. Mama amesema kidude kilie kinavyotaka, ila mtu asiyaguse maharage yake. Shemeji ameniuliza kama ukuta wa jikoni unaweza kutobolewa juu, jiko likae kule usiku na dirisha la moshi liwe wazi. Nimepima, ni tofali nne. Fundi anakuja Jumamosi.